Saa ya Mzee Kwanini

Nyumbani,
4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, nyingi kama maswali ya marehemu baba yetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu na huyo binti yenu ambaye nasikia sasa anatambaa hadi chini ya meza kutafuta misumari. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako bado anakohoa na bado anasema hakohoi. Shangazi naye mzima, ila masikio yake yamezidi kuchagua. Ukimwambia "tuoshe vyombo" hasikii, ukinong'ona "chai tayari" anaitika kutoka uani. Amenituma nikuambie kwamba umekonda. Nilipomuuliza amekuona wapi, akasema mwandiko wako wa mara ya mwisho ulikuwa umekonda.

Kitambaa ulichonitumia nimekipata, ahsante sana. Nimeshona gauni, na wodini wameniambia nimependeza mpaka nikasahau kuwakaripia.

Haya, sasa la muhimu. Saa ya kanisa imesimama. Ilijikongoja siku chache baada ya mazishi kisha ikanyamaza, maana hakuna aliyepanda mnarani kuyavuta juu mawe mazito yanayoiendesha kama alivyokuwa akifanya Baba. Mlango wa mnara umefungwa na ufunguo hauonekani. Tumepekua kibanda chake chote cha viatu. Nimetia mkono ndani ya kila kiatu alichokiacha, hata kile cha mama muuza mboga chenye soli nene upande mmoja, ambacho alikuwa bado hajakipaka rangi. Hakuna. Je, wewe umeuona?

Kingine. Mchungaji na wazee wa kanisa wamepanga ibada ya shukrani kwa ajili ya maisha ya Baba, Jumapili ya mwisho ya Julai. Watakuja wote aliowashonea viatu, wale wenye mguu mmoja mfupi, wale wenye vidole vilivyopinda, wale ambao kabla yake walitembea na matambara. Wanataka wewe usimame uzungumze. Mimi pia nataka.

Na la mwisho, nalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ulipokuja mara ile kabla Baba hajaugua, mlipanda wawili mnarani mkakaa huko mchana kutwa. Aliposhuka hakusema neno mpaka tukamaliza kula. Baba! Mtu aliyekuwa akimhoji daktari wa meno huku koleo likiwa mdomoni! Halafu siku ya kumzika ukasimama nje ya kanisa ibada nzima, ukatukuta makaburini, na asubuhi ukaondoka. Watu waliniuliza, nikasema una mafua. Unajua mimi na uongo hatupatani, hivyo nilikuombea upate mafua kweli ili nisiwe nimesema uongo.

Mlizungumza nini kule juu?

Dada yako akupendaye.


Mjini,
11 Machi

Kwa Dada yangu, Kamanda wa Wodi,

Shikamoo. Mafua niliyapata, ahsante kwa maombi.

Sisi hatujambo. Binti yako amejua neno "nini". Basi ni "nini?" asubuhi, "nini?" mchana, anakionyesha kijiko, anaionyesha pua yangu, nini, nini. Mke wangu anasema huyu kazaliwa akiwa na ndevu za babu yake. Siku akijua kusema "kwa nini" tutahama nyumba tumwachie.

Kazi yangu ni ileile, lifti. Wiki iliyopita lifti ya jengo la maofisi ilikwama katikati ya ghorofa, ndani yake yupo mkurugenzi na keki ya sherehe. Tulipofungua, mkurugenzi alikuwa mzima, keki ilikuwa nusu. Baba angeipenda kazi hii. Nakumbuka mara ya kwanza nilipomweleza kwamba nyuma ya kila lifti kuna uzito unaoshuka wakati watu wanapanda, akaacha sindano ndani ya ngozi akaniuliza: "Kwa hiyo kila anayepanda, kuna kinachoshuka kwa ajili yake?" Nikasema ndiyo, Baba. Alilifurahia hilo kwa wiki nzima, akamhadithia kila aliyekuja kupimwa mguu.

Wamkumbuka yule dereva wa lori aliyevunjika nyonga? Baba alimtembeza barabarani, aende, arudi, aende, arudi, huku yeye amelala kifudifudi mavumbini akitazama unyayo unavyokanyaga. Watu wakadhani mzee kaanguka. Mwishowe dereva akamuuliza, "Mzee, na wewe utanilipa nini kwa kunitazama hivi?" Baba akasema, "Nitakutazamia na lori." Akaingia chini ya lori na shati lake la kanisani, akatoka mweusi, anacheka, kajua gia inavyofanya kazi. Mfuaji wa nguo zake wakati huo ulikuwa wewe. Nakumbuka ulivyofoka mpaka majirani wakazima redio wakusikilize.

Na kila kiatu kabla hakijatoka, alitia mkono ndani, akafumba macho: "Bwana, mguu huu usiteleze." Hata vya watu waliomdhulumu. Hata vya yule mzee wa kanisa aliyemwambia kwamba maswali yake kwenye darasa la Biblia yanawachosha waumini, mpaka wakamwita Mzee Kwanini. Baba alilipenda jina hilo. Kuuliza si ujinga, alikuwa akisema, ujinga ni kuogopa jibu.

Kuhusu Julai, sidhani kama nitapata ruhusa. Kazi ni nyingi, na kusimama mbele za watu si fani yangu, unajua.

Msalimie shangazi. Mwambie sijakonda, ni kalamu ilikuwa inaishiwa wino.

Mdogo wako.


Nyumbani,
2 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo, natumaini nanyi hamjambo. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka shemeji yako akaacha kukohoa. Mara ya pili nilikuwa natafuta jibu, na jibu halimo. Nilikuuliza ufunguo, umeniletea keki. Nilikuuliza mlizungumza nini, umeniletea lori. Wewe tangu utotoni ukiulizwa nani kavunja kikombe ulikuwa unasimulia habari za sinia.

Wazee wa kanisa wamechoka kusubiri. Wametundika saa ya umeme mbele ya kanisa, ina mishale myekundu, haigongi bali inalia kama kuku aliyekabwa. Wodini kwetu, kama ujuavyo, tangu saa ya ukutani ilipokufa sisi huisikiliza saa ya kanisa. Ikigonga kumi na moja jioni natikisa kengele, wageni nje, mgonjwa apumzike. Sasa nafuata hii ya kuku. Na sijui kumetokea nini, watu wamekuwa wakorofi. Kila siku wananiambia muda haujatosha. Kengele ni ileile, saa ni kumi na moja ileile, mimi ni yuleyule. Nimeanza kudhani labda nimezeeka na sura yangu haitishi tena.

Sasa nakuuliza waziwazi, kwa sababu mficha uchi hazai. Najua husali tena. Usishtuke. Mara ile ulipokuja, tulipoomba kabla ya kula nilifungua jicho moja (ndiyo, mimi), nikakuta wewe umefungua yote mawili, unatazama taa.

Ulimwambia Baba?

Ndicho kinachoninyima amani, wala si ufunguo. Nilimuuguza siku zile chache mpaka mwisho. Nilimlisha, nilimgeuza, nilimkata kucha. Nilidhani nalijua kila linalomuuma. Kama aliondoka na huzuni juu yako, nami nikawa nampiga sindano za maumivu ya mgongo, nataka kujua. Sitakugombeza. Huzuni ya baba yetu ni yetu sote wawili, usiishike peke yako huko mbali kana kwamba ni mali yako.

Niambie kweli hata kama itaniuma.

Dada yako.


Mjini,
8 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Tupo wazima. Najua nimekawia. Nimeianza barua hii mara nyingi, na zote ziliishia kwenye salamu.

Ufunguo ninao mimi.

Nilikuwa nao siku ya mazishi, ndani ya mfuko wa suruali. Ndiyo maana sikuingia kanisani. Niliweka mguu kwenye kizingiti, nikaugusa mfukoni, nikajiona kama mwizi aliyekuja kuomboleza kwenye nyumba aliyoiba. Nikarudi nje. Wewe ulinitazama, nikageuza uso.

Sasa nakuambia yaliyokuwa kule juu, yote ninayoweza.

Tulikuwa tunapaka mafuta magurudumu ya saa. Baba alishika taa, mimi nikashika kopo. Nikamwambia, Baba, mimi siombi tena, zamani sasa, sijui hata iliniishaje. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, akasirike, alie, anifukuze, aniwekee mikono kichwani. Akaweka taa chini, akajifuta vidole kimoja kimoja, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kibandani: "Ilianza lini? Ilianzia wapi kuuma?"

Dada, alinipima kama mguu. Aliniuliza mchana kutwa. Ukiamka asubuhi, unaianzaje siku? Nikamwambia. Ukifurahi, unamshukuru nani? Nikasema sijui, nafurahi tu. Akasema hilo ni gumu, kufurahi bila pa kuipeleka furaha. Ukiogopa, unamwambia nani? Nikasema namwambia mke wangu. Akacheka mpaka njiwa wakaruka: "Basi huyo mkeo ana kazi kubwa, mimi yangu nimempa Mungu na bado namwona anachoka." Hakunitegea hata swali moja. Alitaka kujua, basi, kama alivyotaka kujua gia za lori.

Mwishowe nikamuuliza, Baba, huna hasira? Akasema, "Mwanangu, mimi nimesali maisha yangu yote na nina maswali kuliko wewe. Tofauti yetu ni kwamba mimi yangu namuuliza mwenyewe." Halafu akatoa ufunguo shingoni, ule uliofungwa kwa uzi wa viatu, akanivika. Nikashtuka. Nikamwambia, unampa ufunguo wa nyumba ya Mungu mtu asiyesali? Akasema, "Mawe ya saa hayamuulizi anayeyavuta kama amesali. Yanamtaka mtu anayefika. Mimi magoti yananiambia ngazi hizi sitazipanda tena sana. Wa akiba ninao mwingine kwa sasa, huu uwe wako." Nadhani huo wa akiba alizikwa nao. Uliuona uzi shingoni mwake?

Pale mezani hakunyamaza kwa huzuni, alikuwa anatafakari. Asubuhi aliponisindikiza aliniambia, "Umenipa maswali ya mwaka mzima, ahsante." Alikuwa anang'aa kama mtoto. Dada, nakuapia, maana kwako wewe kiapo changu bado kina thamani: Baba hakuondoka na huzuni juu yangu. Sindano zako zilikuwa zinapiga panapouma kweli.

Kuna jambo moja bado, linalohusu saa yenyewe, alilonionyesha jioni ile. Hilo alisema nisimwambie mtu, na wewe hasa usiambiwe. Nisamehe.

Ufunguo nitautuma kwa rejista, wapeni wenye haki nao.

Mdogo wako.


Nyumbani,
17 Juni

Wewe mtoto,

Usithubutu kuutia ufunguo huo kwenye bahasha! Ukija hapa kwa posta naurudisha kwa posta.

Nimelia mpaka shangazi akanisikia. Akaja akasimama mlangoni, akasema, "Huyo kumbe hajakonda, alikuwa amebeba kitu," akaniletea maji. Ndiyo, uzi niliuona. Mimi ndiye niliyemwosha, mimi ndiye niliyesema aachwe nao, nikidhani ni kamba aliyofungia sala zake. Sikutazama kilichoning'inia chini ya shati. Na wazee wa kanisa niliwasaidia kutafuta kibandani huku najua pale shingoni pana uzi! Akili ya msiba hiyo.

Ahsante. Neno dogo lakini lichukue lote. Sasa nalala.

Ila sasa tugombane. MIMI HASA nisiambiwe? Mimi niliyemfulia, nikampikia, nikampaka dawa ya miguu? Mlikaa huko juu wanaume wawili mkanipangia la kujua na la kutojua?

Nisikilize. Jana kwenye wodi kulikuwa na mzee, mke wake ana maji kwenye mapafu, hana siku nyingi. Saa ya kuku ikalia, nikatikisa kengele. Mzee akasimama taratibu, akavaa kofia, akaniambia bila ubaya wowote, "Sista, saa ya zamani ilikuwa na huruma." Nikamwambia saa haina huruma mzee wangu, saa ni saa. Akatikisa kichwa akaenda zake. Tangu jana neno hilo linazunguka kichwani mwangu.

Baba alikuwa anapanda mnarani kila siku wakati wa wageni, na tena jioni. Sote tulijua anapanda kusali.

Alikuwa anafanya nini kule juu? Niambie. Aliyekukataza yuko mahali ambapo mimi na wewe tutamkuta tumwombe radhi. Au mimi nitamkuta, wewe utaona wakati huo.

Dada yako HASA.


Mjini,
23 Juni

Dada,

Shikamoo. Binti mzima, mke wangu mzima, nimecheka na nimeshindwa. Haya.

Baba alikuwa akisali kule juu, hilo ni kweli. Lakini alisali ameishika saa.

Ndani ya mnara kuna ule uzito mrefu unaoning'inia, unaokwenda huku na huko, ndio unaoipimia mishale mwendo. Kila siku, kabla haijagonga kumi na moja, Baba aliushika kwa mkono akausimamisha. Saa ikasimama. Akafumba macho akaanza kuwaombea wote walioko wodini kwako. Wengine kwa majina, maana wewe ulikuwa ukimsimulia mezani, wengine kwa vitanda tu, yule wa dirishani, yule wa karibu na mlango. Alipomaliza kuwaombea wote, akasema amina, akaachia. Saa ikaendelea, ikagonga kumi na moja yake, na wewe ukatikisa kengele. Jioni wageni wakishaenda zao, alipanda tena akausogeza mshale mbele, asubuhi mji mzima ukaamka kwa saa sahihi.

Nikamuuliza, Baba, huo si uongo? Akasema, "Nimemuuliza Mungu. Hajanijibu. Nami nimechukulia kwamba anayenyamaza hajakataa."

Na kwa nini wewe usijue? Kwa sababu, alisema, dada yako hawezi kudanganya hata kuku. Akijua, ama atawatoa watu kwa saa yake ya mkononi, ama atakuwa anatikisa kengele na moyo unamsuta. "Dhambi yenyewe ni ndogo, niache niibebe peke yangu, yeye mikono yake iwe safi."

Sasa la kwa nini. Hili hukuniuliza, na nadhani hukuniuliza kwa sababu unalijua nusu yake. Siku Mama alipofariki wewe ulikuwa shule ya bweni, mimi nilikuwa mgongoni kwa shangazi. Sote tunajua alifariki akiwa peke yake. Baba alikuwepo, Dada. Alikuwa kitandani kwake ameshika mkono. Saa ikagonga, muuguzi wa siku hizo akasema muda umekwisha, na Baba, mtu mtiifu kama unavyomjua, akasimama akaaga. Alikuwa bado anafunga kamba za viatu langoni walipomwita, akakuta wamekwisha mfunika. Aliniambia, "Kilichobaki kilikuwa kifupi kama sala. Mtu angeishika saa kidogo tu, ningekuwepo."

Mwaka uleule mtunza saa wa zamani alipoacha kazi, Baba akajitolea. Watu walidhani ni udadisi wake wa mashine. Ulikuwepo pia, hakuacha kuishangaa ile mashine mpaka mwisho.

Sasa unajua. Ukitaka kunigombeza, nigombeze.

Mdogo wako.


Nyumbani,
5 Julai

Mdogo wangu mpendwa,

Hatujambo. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nikikaa na kalamu, nacheka, halafu kicheko kinaniishia, nalia, halafu shangazi anauliza kama chai tayari.

Baba alinidanganya! Alinidanganya kila siku iendayo kwa Mungu, akaja mezani akanipokea sahani kwa mikono miwili! Unajua kilichonipata na saa yangu ya mkononi? Kila jioni niliikuta imetangulia. Mimi nikajua mbovu, maana kanisa halisemi uongo. Nikairudisha nyuma ilingane na mnara. Asubuhi nikachelewa kazini. Matroni akanikaripia mbele ya wanafunzi. Nikaipeleka kwa fundi saa, fundi akasema nzima. Nikampeleka fundi kwa Baba wazungumze, na Baba akaishika saa yangu, akaitega sikioni, akasema kwa uso mkavu kabisa: "Hizi saa za mkononi zina kiherehere." Nilibadilisha saa tatu, mdogo wangu. Tatu! Kwa makaripio yote yale ya matroni nililipia sala za Baba.

Na ile nusu ya Mama, ulikisia sawa, sikuuliza kwa sababu niliogopa. Nilisomea uuguzi kwa ajili ya Mama. Nilijiambia nitaendesha wodi yenye utaratibu ambao mgonjwa hataachwa. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikitikisa ile kengele iliyomtoa Baba. Kila siku, kwa nguvu. Naye akijua, hakunilaumu hata siku moja, alipanda ngazi tu.

Sasa nikuambie la jana. Mke wa yule mzee alikuwa anakwenda, niliona kucha zake zimegeuka buluu. Saa ya kuku ikalia. Wageni wote wakanitazama, na mzee akaanza kuitafuta kofia yake. Nikaichukua kengele, nikaushika ulimi wake ndani ya kiganja usilie, nikasimama pale mlangoni nimefumba macho. Nikaanza na yule wa dirishani. Nikaenda kitanda kwa kitanda. Nilipofika kwa mke wa mzee nilisita, sikujua niombe nini, nikaomba tu awepo mtu. Nikasema amina. Nilipofumbua macho mzee alikuwa ameinama, paji lake kwenye mkono wa mkewe, na mkewe alikuwa amekwisha kwenda. Alikuwepo. Mdogo wangu, alikuwepo.

Ndipo nikatikisa, polepole.

Matroni akaniuliza, "Sista, leo saa yako inachelewa?" Nikamwambia, "Ndiyo, Matroni. Ni ya urithi." Na huo si uongo.

Mchungaji nimemwambia ufunguo upo, mwenyewe anao, na atakuja nao. Ameahidi kuishusha ile ya umeme siku mnara utakapogonga. Kwa hiyo huna pa kukimbilia. Sikuiti uje kuomba. Sikuiti hata uje kuzungumza, kama kinywa kitakuwa kizito simama tu watu wakuone. Nakuita uje uvute mawe. Baba alisema yanamtaka mtu anayefika.

Njoo na wifi na huyo Nini wenu mdogo. Shangazi anataka kupima uzito wako mwenyewe.

Dada yako akungojaye.


Mjini,
12 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeomba ruhusa kazini, wamenipa. Tunakuja sote watatu, tutafika Ijumaa ya kabla ya ibada. Binti amejua "kwa nini", jiandaeni.

Nitazungumza kanisani. Nitawasimulia lori. La saa sitalisema, hiyo ni yetu.

Naomba jambo moja. Jumapili hiyo baada ya ibada nitafungua mlango, nitapaka mafuta, nitavuta mawe mpaka juu, na saa itaanza kwenda. Kengele ya wodini mwachie mwenzako siku hiyo, yeye atasikiliza mnara. Wewe upande nami. Ngazi ni kali, nitakushika mkono.

Nimefikiri sana hapa lifti zikipanda na kushuka. Mimi sala sina, siwezi kukuigizia, na Baba asingependa niigize. Lakini mkono ninao, na ni wa fundi, hautetemeki. Wagonjwa unawajua wewe, kitanda kwa kitanda.

Basi ikikaribia kumi na moja, nitashika mimi. Wewe omba kwa sauti ili nisikie umefika wapi, na usiharakishe. Ukisema amina, nitaachia.

Mdogo wako.